Kuandaa mishahara ya mwezi: mwongozo kwa mwajiri mdogo wa Tanzania Bara

Kila ikifika tarehe 25 simu yangu haitulii. Anayepiga ni mwenye duka la dawa aliyeongeza muuzaji wa tatu, au mwenye shule ya chekechea, au mwenye nyumba ya wageni aliyezoea kuwalipa watu kwa mkono kutoka droo ya kaunta na sasa kaletewa barua. Maswali ni yaleyale: nakata nini, naanza na kipi, napeleka wapi, lini. Nimechoka kuyajibu vipande vipande kwa ujumbe wa simu, kwa hiyo leo nayaweka mahali pamoja.

Haya ni ya Tanzania Bara, na ni ya sekta binafsi. Zanzibar ina sheria yake ya kazi na mfuko wake, ZSSF, usichanganye. Tena viwango vya kodi na tozo hubadilishwa na Sheria ya Fedha, ambayo kwa kawaida huanza kutumika tarehe 1 Julai. Kila Julai, kabla hujagusa mshahara wa kwanza wa mwaka mpya wa serikali, ingia tovuti ya TRA, Mamlaka ya Mapato, uone kama kuna kilichosogea.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAANZA

- TIN ya biashara, yaani namba ya mlipakodi, na uwe umesajiliwa TRA kama mwajiri anayekata PAYE, kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara. Kuwa na TIN peke yake hakutoshi.
- Namba ya mwajiri ya NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, na nyingine ya WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.
- Mkataba wa maandishi wa kila mtu, wenye mshahara wa msingi na posho vikiwa vimeandikwa mbalimbali.
- Kwa kila mfanyakazi: namba ya NIDA, TIN, namba ya uanachama wa NSSF, na akaunti ya benki yenye majina yaleyale ya NIDA.
- Jibu la swali moja ambalo waajiri husahau kuuliza: ulisoma chuo kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, HESLB?
- Daftari la mahudhurio. La karatasi linatosha, mradi watu wasaini kila siku.
- Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara inayotumika sasa. Kima hutofautiana kwa sekta. Cha hoteli si cha kilimo, cha ulinzi si cha kazi za nyumbani. Tafuta mstari wa sekta yako.
- Akaunti ya pili ya benki. Usiicheke hii. Nitaieleza kwenye hatua ya 9, na kama utafuata kitu kimoja tu kwenye mwongozo huu, kifuate hicho.

HATUA ZENYEWE

1. Kubalianeni mshahara ghafi (kabla ya makato), si wa mkononi.

Matatizo mengi niliyokutana nayo hayakuanzia kwenye hesabu. Yalianzia siku ya usaili, mwajiri aliposema "nitakupa laki tano mkononi" na mfanyakazi akaitikia. Mwajiri kichwani ana 500,000. Serikali haina habari na mapatano hayo: inaanza na ghafi kisha inashuka.

Ili mtu apate 500,000 mkononi, akiwa hana mkopo wa HESLB, mshahara ghafi unapaswa kuwa 577,778. Ukitoa 10% ya NSSF unabaki na 520,000. Kodi ya 520,000 ni 20,000. Inabaki 500,000 kamili. Sasa ongeza cha kwako: NSSF ya mwajiri 57,778 na WCF 2,889. Mtu wa "laki tano" ameshakugharimu 638,445 kwa mwezi. Ukifikisha wafanyakazi 10, SDL, tozo ya kuendeleza ufundi stadi, inaongeza 20,222, na unafika 658,667.

Mwajiri asiyejua hili hufika mwezi wa tatu akaanza kupunguza kwa kificho: anaandika ghafi ya 300,000 kwenye makaratasi na nyingine anampa mtu kwenye bahasha. Usiingie huko. Siku mfanyakazi huyo akiondoka kwa ugomvi, bahasha zile ndizo ushahidi wake wa kwanza, na picha za miamala ya simu anazo.

Kwenye mkataba andika: mshahara wa msingi kiasi fulani, posho kiasi fulani, jumla ghafi kiasi fulani, makato ya kisheria yatafuata. Basi.

2. Funga mahudhurio.

Chagua tarehe ya kufunga, tuseme 24, na usiibadilishe. Pitia daftari: siku za kazi, likizo, ugonjwa, saa za ziada.

Saa za kawaida kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ni 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku. Zinazozidi hapo ni saa za ziada, zinalipwa mara moja na nusu, na haziruhusiwi kuvuka 50 katika mzunguko wa wiki nne. Kazi ya sikukuu au ya siku ya mapumziko ya wiki inalipwa mara mbili. Anayefanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi anaongezewa 5% ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku. Wenye baa na nyumba za wageni, hiyo ya usiku ni yenu.

Kupata thamani ya saa moja, gawanya mshahara wa msingi wa mwezi kwa 195 (ni wiki 4.333 mara saa 45). Mwenye msingi wa 600,000 saa yake ni karibu 3,077. Saa yake ya ziada ni karibu 4,615. Saa kumi ni kama 46,150. Angalia: tunagawanya msingi, posho haimo.

3. Andika mshahara ghafi.

Msingi, posho, saa za ziada, bonasi, vyote kwenye mstari mmoja. Posho ya fedha taslimu uliyompa kila mwezi ni sehemu ya kipato chake hata ukiiita nauli.

Kuanzia hapa nitatumia mtu mmoja wa mfano: mhasibu msaidizi, msingi 600,000, posho 100,000, ghafi 700,000, hana saa za ziada, na alisoma kwa mkopo.

4. Toa NSSF ya mfanyakazi kwanza.

Ni 10% ya ghafi: 70,000. Inabaki 630,000, na hii ndiyo inayotozwa kodi.

Onyo: ukianza na PAYE ndipo utoe NSSF, umemuumiza mtu. Kodi ya 700,000 ni 56,000. Ya 630,000 ni 42,000. Hiyo 14,000 ya kila mwezi ni 168,000 kwa mwaka, imetoka mfukoni mwa mfanyakazi wala hakuna aliyekutuma.

5. Hesabu PAYE.

Viwango vya mkazi, kwa mwezi:

- Hadi 270,000: hakuna kodi
- 270,001 hadi 520,000: 8% ya kinachozidi 270,000
- 520,001 hadi 760,000: 20,000 kujumlisha 20% ya kinachozidi 520,000
- 760,001 hadi 1,000,000: 68,000 kujumlisha 25% ya kinachozidi 760,000
- Zaidi ya 1,000,000: 128,000 kujumlisha 30% ya kinachozidi 1,000,000

Mtu wetu ana 630,000. Yuko kundi la tatu. Kinachozidi 520,000 ni 110,000. Asilimia 20 yake ni 22,000. Jumlisha 20,000, kodi ni 42,000.

Onyo: usizidishe 630,000 yote kwa 20%. Nimeshaona hesabu hiyo ikitumika mwaka mzima kwenye ofisi yenye watu waliosoma. Kodi ilitoka 126,000 na wafanyakazi walinyamaza wakidhani ndivyo serikali ilivyo.

Jambo dogo la faida: mwenye ghafi ya 300,000 kushuka chini hana PAYE, kwa sababu akitolewa NSSF anabaki na 270,000. Bado unamuorodhesha kwenye ritani, ile taarifa ya kodi unayowasilisha TRA. Kodi sifuri haimfanyi asiwepo.

Mfanyakazi aliyeajiriwa kwingine na huko ndiko ajira yake kuu, kwako anakatwa 30% moja kwa moja bila kupitia makundi haya. Waulize mapema, hasa walimu na wauguzi wa muda.

6. Kata mkopo wa HESLB kwa anayedaiwa.

Ni 15% ya mshahara wa msingi, si ya ghafi. Kwa mtu wetu: 90,000. Hapa ndipo wengi hukosea kwa kuchukua 15% ya 700,000.

Ukiajiri mhitimu, unatakiwa kuijulisha Bodi ndani ya siku 28. Usimsubiri yeye akuambie; mara nyingi hatakuambia, na adhabu ya kutokata inakuandama wewe mwajiri.

7. Makato mengine, kwa uangalifu.

Adivansi aliyochukua tarehe 10 unaikata, mradi kuna karatasi aliyosaini. Kikoba au chama cha akiba na mkopo, kadhalika kwa maandishi yake.

Shoti ya kaunta na glasi zilizovunjika ni habari nyingine. Wenye baa hupenda kukata papo hapo: "umepungua elfu ishirini, itatoka kwako." Sheria hairuhusu hivyo. Hasara iwe imetokea akiwa kazini na kwa kosa lake; umpe maandishi yenye sababu, kiasi na jinsi ulivyokipata; apate nafasi ya kupinga; usikate zaidi ya hasara halisi; na makato hayo kwa mwezi yasizidi robo ya malipo yake. Ukiifuata njia hii utagundua shoti nyingine zilikuwa makosa ya daftari lako.

Faini za kuchelewa za "elfu mbili kila dakika kumi" zitoe ukutani. Hazina msingi wa kisheria. Tumia onyo la maandishi.

Mtu wetu hana cha ziada: 700,000 toa 70,000, toa 42,000, toa 90,000. Anapokea 498,000.

8. Hesabu cha kwako.

NSSF ya mwajiri, 10% nyingine: 70,000. WCF, 0.5% ya ghafi: 3,500. SDL inakuhusu ukiwa na wafanyakazi 10 au zaidi. Julai 2023 ilishushwa kutoka 4% hadi 3.5% ya ghafi, ambayo hapa ni 24,500.

WCF na SDL ni za mwajiri. Kumkata mfanyakazi hata senti moja kwa ajili yake hairuhusiwi. Nilikuta hati ya mshahara yenye mstari wa "bima ya ajali 0.5%". Ilikuwa WCF imevalishwa jina jingine.

Mtu huyu anakugharimu 798,000, na yeye anaenda nyumbani na 498,000. Muoneshe hesabu hiyo. Malalamiko ya "bosi anatukata" hupungua sana mtu akiona na upande wako.

9. Lipa, na siku hiyohiyo hamisha makato.

Lipa kwa benki. Sheria inaruhusu na taslimu pia, ila taslimu bila saini ni neno lako dhidi ya neno lake. Mpe kila mtu hati ya mshahara yenye ghafi, kila kato kwa jina lake, na kinachobaki. Kumpa maelezo ya maandishi ni wajibu.

Kisha, kabla hujafunga kompyuta, peleka makato yote na michango yako kwenye ile akaunti ya pili. Kwa mtu wetu makato yake ni 202,000 na chako ni 98,000, jumla 300,000. Pesa hizo zikibaki akaunti ya biashara, ifikapo tarehe 3 zitakuwa zimegeuka mzigo wa soda au mifuko ya saruji. Hakuna aliyekusudia kuiba. Duka limehitaji bidhaa na hela ilikuwepo. Ndivyo madeni ya NSSF ya miaka mitatu yanavyozaliwa.

10. Wasilisha na ulipe kwa tarehe zake.

- PAYE na SDL, kwa TRA: ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha
- HESLB: ndani ya siku 15 baada ya mwezi kuisha
- NSSF na WCF: kabla ya mwezi unaofuata kuisha

Kote ni kwa mfumo wa mtandao: unaingiza orodha, unapata namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipa benki au kwa simu. Usingoje tarehe 7 jioni. Mfumo huelemewa siku hizo, na kisingizio cha mtandao hakifuti riba.

Hakikisha jumla ya ghafi kwenye ritani ya TRA, orodha ya NSSF na ile ya WCF inalingana, au una sababu ya tofauti. Mkaguzi huanza kwa kuziweka tatu hizo bega kwa bega.

11. Tunza.

Faili moja kwa mwezi: mahudhurio, orodha ya mishahara, hati, ritani, stakabadhi. Miaka 5 angalau. Rekodi za mfanyakazi aliyeondoka, miaka 5 tangu aondoke.

VIBARUA NA "WASHAURI"

Wengi huwaacha vibarua nje ya orodha kwa kuwa wanalipwa kwa siku. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi kinataja mambo ambayo, likiwepo hata moja, mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa. Mojawapo ni kukufanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita. Saa 45 ni kama siku tano za kazi tu. Deiwaka wako anayekuja kila Jumamosi na Jumapili ameshavuka hapo.

Upande wa pili ni mwajiri anayemwita mpokea wageni wake "mshauri" ili akate kodi ya zuio ya 5% badala ya PAYE na NSSF. Anafika saa mbili, anatumia kompyuta yako, anakuomba ruhusa kwenda msibani. Huyo ni mfanyakazi, jina la mkataba liwe lolote.

PAKIKWAMA

Umegundua ulimkata mtu PAYE kubwa miezi iliyopita. Rudisha kwanza kiasi chake kwenye mshahara unaofuata, kikiwa na mstari wake kwenye hati, kisha omba kurekebisha ritani za miezi hiyo TRA. Usijisawazishie kimyakimya kwa kukata pungufu mwezi ujao, ritani hazitasomeka.

Tarehe 7 imefika na hela haitoshi. Wasilisha ritani hivyohivyo. Kutowasilisha kuna adhabu yake na kutolipa kuna riba yake. Usibebe zote mbili. Kisha andika barua TRA kuomba kulipa kwa awamu, kabla hawajakuandikia wao.

Namba ya malipo imekwisha muda. Toa nyingine. Usilipie ya zamani kwa wakala "anayejua njia".

NSSF inakataa jina. Karibu kila mara ni majina mawili kwako na matatu NIDA, au Mwajuma upande mmoja na Mwanajuma upande wa pili. Rekebisha kufuata NIDA.

HESLB wameleta bili ya mtu aliyeacha kazi. Wajibu kwa maandishi, taja tarehe aliyoondoka na uambatishe barua yake. Ukinyamaza, bili inaendelea kuja kwa jina lako.

Mtu ameanza kazi tarehe 14. Gawa ghafi kwa siku za kazi za mwezi huo, zidisha kwa alizofanya. NSSF na PAYE zifuate kiasi hicho, kwa makundi yaleyale ya mwezi.

Mtu anaondoka na anadai chake. Mlipe siku alizofanya, likizo ambayo hakuichukua, notisi kama umemwachisha bila kumpa (siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi), na nauli ya kurudi alikoajiriwa kama ulimtoa mbali. Kiinua mgongo, siku 7 za msingi kwa kila mwaka uliokamilika na isizidi miaka 10, kinamhusu aliyetimiza miezi 12 na ukamwachisha wewe. Aliyefukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hakipati. Cheti cha utumishi mpe kwa hali yoyote.

Mfanyakazi kakushitaki CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na wewe huna hata mkataba. Peleka ulichonacho: daftari la mahudhurio, miamala ya benki, orodha za NSSF zenye jina lake. Usiandike mkataba leo ukautia tarehe ya mwaka juzi. Wino na karatasi husema, na mpatanishi huwa anaanza kwa kumuuliza mfanyakazi, "saini hii ni yako?"